Suala la Jogoo

Nina zaidi ya miaka ishirini kwenye masjala, chumba ambamo mafaili ya ofisi yetu yanatunzwa na kutoka kwenda mezani kwa wakubwa. Shule niliishia kidato cha nne. Mengine nimejisomea mwenyewe, kwa utaratibu, na ninaposoma napenda kitu kinachoshikika. Kwa hiyo mwandishi niliyempenda kuliko wote alipotangaza kwamba mwisho wa mwezi anafunga blogu yake, sikulalamika. Nilinunua rimu ya karatasi.

Alikuwa mwanamke aliyeandika juu ya mambo madogo: jogoo wa jirani yake, foleni ya maji, namna watu wanavyokaa kwenye benchi la kumsubiri daktari. Makala arobaini na moja. Nilikuwa nazisoma kwenye simu, na kila nilipofika pazuri, kundi la michango ya harusi lilinitumia ujumbe. Nilitaka kuzisoma upya likizoni, nyumbani Chamwino, nimekaa nyuma ya nyumba, simu ikiwa imezimwa ndani ya kabati.

Dada wa steshenari ya Chang'ombe aliangalia karatasi zikitoka kwenye mashine.

"Baba, hii tasnifu ya chuo gani?"

"Si tasnifu. Ni ya kusoma."

"Kusomea nini?"

"Kusoma tu."

"Hakuna mtihani?"

"Hakuna."

Akanionea huruma waziwazi. "Basi nikuwekee spairo nyekundu, ichangamke kidogo."

Nilikataa. Spairo ya plastiki hukatika, na upepo wetu wa mwezi wa saba ukikuta karatasi zimelegea, utaenda kuzisomea kiwanja cha jirani. Ninaamini namna moja tu ya kufunga karatasi. Siku iliyofuata, wakati wa chakula cha mchana, nilizitoboa ofisini, nikazifunga kwa kamba za faili ndani ya kava kuukuu lililokwisha kuondolewa kwenye matumizi. Kisha nikafanya kosa ambalo karani wa masjala pekee angelifanya. Nilitia namba kila ukurasa, juu kulia, kwa wino mwekundu, na nje nikaandika kwa herufi kubwa: JOGOO NA MAMBO MENGINE. Nikaliacha mezani, nikaenda kusaini fomu ya likizo.

Niliporudi halikuwepo.

"Lile faili nimeshalishughulikia, kaka," mwenzangu wa masjala aliniambia. "Unazeeka sasa. Faili halina hata kumbukumbu namba! Nimelipatia namba, nimelipeleka juu."

"Juu kwa nani?"

"Juu."

Ningeweza kusema ni langu. Lakini mlangoni kwetu kuna tangazo nililoliandika kwa mkono wangu: HAKUNA KARATASI BINAFSI NDANI YA MASJALA. Kwa tangazo hilo nimewahi kuwashtaki watu wawili, na mmoja wao alikuwa huyuhuyu mwenzangu, niliyemkuta na nyimbo za kwaya kwenye droo. Nikanyamaza. Blogu ilikuwa imefungwa siku mbili kabla. Nakala pekee niliyoijua duniani ilikuwa inapanda ngazi, nami nilikuwa naifuatilia kwenye daftari la mzunguko wa mafaili kama mtu anayefuatilia mgonjwa wake wodini.

Ofisini kwetu faili likifika mezani kwako, unaandika dokezo, unalisukuma mbele. Huulizi linahusu nini, maana kuuliza ni kukiri kwamba hukusoma. Siku ya tatu lilipita masjala, likitoka meza moja kwenda nyingine. Mwenzangu alikuwa amesimama mbele yangu, mkono umenyooshwa, tayari kulipeleka. Nilipata muda wa kusoma madokezo tu.

Afisa wa kwanza: "Tafadhali pitia na ushauri."

Mchumi: "Nimepitia. Suala la jogoo ni mtambuka."

Mwanasheria: "Sina pingamizi la kisheria, ila jirani ashirikishwe."

Kaimu mkuu wa idara: "Suala liangaliwe kwa mapana yake. Mkurugenzi aelezwe."

Kurasa zenyewe zilikuwa bado zimenyooka vilevile nilivyozifunga mwenyewe. Hata moja haikuwa imekunjwa pembe.

Kwa mkurugenzi, mama aliyekaribia kustaafu, faili likasimama. Daftari halikuonyesha limetoka. Likizo yangu ilianza Jumatatu, na Jumatatu nilikuwa kazini. Jumanne pia. Alhamisi nikajikaza, nikapanda juu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe si uko likizo?"

"Niko likizo, mama. Nafuatilia faili."

"Lipi?"

"La jogoo."

Lilikuwa wazi mbele yake, limebakiza kurasa chache. "Sijamaliza."

"Masjala inauliza hatua iliyochukuliwa."

"Hatua! Nasoma." Akarudisha kurasa nyuma. "Huyu wa benchi la hospitali umemwona? Anayemsogelea mwenzake kidogo kidogo mpaka mwenzake anadondoka chini?"

"Ukurasa wa themanini na tatu," nilisema, kabla sijajizuia.

Akashusha miwani. Akaniangalia, akaiangalia namba nyekundu kwenye kona ya ukurasa, akaniangalia tena.

"Mwandiko huu nimeuona mahali. Si ndio ule wa mlangoni kwenu? Unaokataza karatasi binafsi?"

"Ndio huo, mama."

"Haya, nenda likizo."

Sikwenda. Ijumaa asubuhi faili lilishuka. Chini ya madokezo mengine yote palikuwa na maandishi yake: "Nimesoma yote. Jogoo aachwe kama alivyo. Faili arejeshewe mwenyewe, leo."

Mwenzangu alisoma akiwa nyuma ya bega langu.

"Mwenyewe nani?"

"Mimi," nilisema.

Akarudi mezani kwake. Nilifungua daftari, nikaandika kwamba faili limetoka kwa maelekezo ya mkurugenzi, nikasaini kama mtoaji, nikasaini kama mpokeaji. Katika miaka yangu yote hapo, sikumbuki agizo jingine lililotekelezwa siku hiyohiyo. Nikalitia kwapani.

Ndipo mwenzangu, macho yakiwa kwenye kazi yake, akaanza kuimba. Ulikuwa mmoja wa zile nyimbo za kwaya nilizomkuta nazo kwenye droo, na ulikuwa na beti sita. Nilisimama mlangoni, pembeni ya tangazo langu, nikazisikiliza zote sita, ndipo nikaaga.