Niliahidi Kuuficha Uso wa Nyangi

Panga lilitoka ndani ya godoro ambalo nami nilikuwa nimelishika upande mmoja, meno yote nje, natabasamu kwenye kamera.

Sikusimuliwa. Ilikuwa soko la Mwigobero, Musoma, saa sita mchana, na aliyemleta mwenye panga ni mimi.

Naitwa Fahadi, fundi simu wa Nyasura, Bunda. Nilikuwa na ukurasa mtandaoni wa kusaidia wasio na makazi. Nagawa chakula, napiga picha, watu wanasifia. Sijitetei, sifa nilizipenda kupita kiasi.

Jumanne moja nikamkuta mama kajilaza kwenye maturubai nyuma ya wauza dagaa, pale pale Mwigobero. Nyangi. Nikampa wali na blanketi. Nilipotoa simu tu, akajifunika kanga usoni.

"Mwanangu, chakula nimepokea, Mungu akubariki. Mimi sipigwagi picha. Sura yangu iache."

"Nitaiziba, mama. Hakuna atakayekujua."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu."

Akaishusha kanga mwenyewe.

Nilipokaa kuihariri, picha yenye uso uliozibwa ilikuwa imepooza kabisa. Yale macho ndiyo yangewaliza watu. Nikaiachia hivyo hivyo, na jina la soko chini yake.

Kesho yake akaniandikia mtu anaitwa Judith, kwenye picha kavaa sare ya kwaya.

"Nimeguswa sana kaka. Huyo mama analalaga upande gani? Nataka nimletee godoro."

Nikamwelekeza mpaka kwenye turubai lenyewe. Tena nikampa sharti langu la siku zote: mtoaji akabidhi mbele ya kamera, akiwa amemshika mkono anayepewa.

Alhamisi akaja mwanaume na godoro limeviringishwa, limefungwa kamba.

"Dada Judith kapata udhuru, kanituma."

"Poa, bro." Nikasimika simu kwenye stendi, nikaenda laivu.

Nyangi alipomwona, akaanza kurudi nyuma akiwa amekaa.

"Usiogope mama, shika godoro, tazama huku," nikasema. Mimi huyo, jamani.

"Mugeta, niache," akasema kwa sauti ndogo.

Mugeta akavuta kamba.

"Ng'ombe za kwetu umekula, kurithiwa umekataa, sasa unatutangazia ukoo kwamba tumekutupa?"

Pigo la kwanza alilikinga kwa mkono. Nilisikia mfupa. Damu ikarukia dagaa zilizoanikwa. La pili likamwingia begani. Nikamrukia yule mtu, akanichana shavu mpaka nikaonja chuma, nikaanguka. Wabeba mizigo wakamshukia kwa makasia. Polisi walipofika, taya lake lilikuwa limehama upande.

Simu bado ilikuwa inarusha. Watu mia saba wanatazama, na mioyo inapanda kwenye skrini.

Hospitali walimkata Nyangi mkono chini ya kiwiko. Ndipo nikajua yote. Mume wake alifia Buswahili, kule Butiama, na Mugeta, mdogo wa marehemu, akataka kumrithi kwa kipigo. Mama akatoroka. Miaka miwili pale kwenye maturubai alikuwa salama. Judith hakuwahi kuwepo, aliyeniandikia alikuwa Mugeta mwenyewe.

Nikapiga magoti kando ya kitanda chake.

"Ulisema utaiziba," akasema. Hakuwa hata na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Nisamehe mama. Nikufanyie nini?"

"Itoe tu."

Nikaifuta mbele ya macho yake. Nikatoka koridoni, nikajiona nimesafisha dhambi.

Nikafungua simu. Kundi moja la Bunda limetengeneza bango la kumchangia. Picha ni ile ile yangu, uso wazi. Chini yake mtu kaandika: "Sisi ni ndugu wa mume wake. Kalazwa wodi gani?"

Mwenye bango alikuwa ameshajibu, na namba ya kitanda kaweka.

Nilirudi wodini mbio, nikamwomba nesi amhamishe sasa hivi. Tulimwahi, kwa dakika chache mno: hao ndugu walipofika, walikuta kitanda kitupu.

Ukurasa nimeufunga. Ukitaka kutoa, toa. Ila sura ya mtu ni yake, na ukishaiachia mtandaoni hata wewe mwenyewe huwezi kuikamata tena.