Thelathini na Nne kwa Saba: Safari ya Matairi Mpaka Korogwe

Kwa miaka mingi nimekana kwamba mimi ndiye niliyeandika barua ile. Nilimsingizia katibu wa kijiji, kwa sababu sahihi ilikuwa yake, na kwa sababu alikuwa mpole. Leo nakiri. Barua ya kuulizia tairi la lori lenye ringi ya inchi thelathini na nne niliiandika mimi, kwa mkono wangu, nikiwa mwalimu wa kijiji mwenye shahada ya chuo kikuu ambayo haijamaliza hata mwaka. Jibu lilitoka Tanga baada ya wiki tatu, sentensi moja tu: "Tafadhali tujulisheni trekta yenu ni ya aina gani."

Hatukuwa na trekta. Tulikuwa na lori kuukuu lililotoka shamba la mkonge, na ndilo lililokuwa likiletea maji kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Kwaluguru, Handeni. Lambo lilikuwa limekauka. Matairi mawili ya nyuma, ya kushoto, yalipopasuka, mapipa yakabaki matupu bandani, na akina mama wakawa wanashinda njiani kutwa nzima kwa ndoo moja. Wilaya ikatupa kibali cha matairi mawili, cha kutumika mara moja. Tukikosea saizi, kibali kingine ni mwaka ujao. Na kwa kuwa barua yangu, wakati huo ikiitwa barua ya katibu, ilikuwa imekwisha kula wiki tatu, nilijitolea kwenda mwenyewe.

Alfajiri ya Jumatatu tulikuwa stendi ya Handeni, mimi na Mzee Athumani, dereva wetu, tukiwa na tairi moja lililopasuka, bado limo kwenye ringi yake. Kondakta alilitazama likipandishwa kwenye keria ya basi.

"Mzee, na huyo anakata tiketi?"

"Huyo marehemu," akajibu Mzee Athumani. "Omba dua, usiombe nauli."

Baada ya Sindeni vumbi lilituingia mpaka kwenye meno. Mahindi ya pande zote mbili yalikuwa yamesimama makavu kama mifagio. Nilimwuliza Mzee Athumani kama aliwahi kuelewa maandishi ya ubavuni mwa tairi lile, 34 x 7.

"Mwalimu, gari hilo nimeliendesha tangu liko kwa Wagiriki, wenye shamba la mkonge. Tairi likiisha, bwana stoo ananipa jingine. Kusoma nimekuachia wewe."

Hakujua kwamba ile barua niliiandika mimi. Nikatazama dirishani.

Saa nne tulivuka daraja la Mto Pangani tukaingia Korogwe. Dukani, mwenye stoo alisoma kibali, akasoma tairi, akatikisa kichwa. Thelathini na nne kwa saba hakuwahi kuiona. Alikuwa na aina mbili tu za matairi ya lori: saba na nusu kwa ishirini, na nane na robo kwa ishirini. Jozi ya saba na nusu ilibaki moja, na dereva mmoja wa lori la mbao alikuwa ameahidi kuja kuichukua saa nane mchana; atakayetangulia na kibali ndiye angeipata.

"Tupe nane na robo," nikasema. Nilikuwa na hoja: barabara zetu ni mbaya, kikubwa kina nguvu kuliko kidogo. Hoja hiyo ilinipendeza sana.

"Nitakupa, dada. Ila likishafungwa halirudi. Kwanza nendeni Kwamndolwa kwa Mzee Matayo. Yeye alikuwa karakana ya mkonge."

Saa tano na nusu tulimkuta Mzee Matayo nyuma ya nyumba yake, ameketi juu ya injini iliyopinduliwa, akinoa jembe la mkewe. Baba yake alikuja kutoka kusini kukata mkonge. Yeye alizaliwa kambini, akashika spana kabla hajashika kalamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona mmekuja na mgonjwa aliyekwisha kufa?"

Nilianza kumsomea nambari. Hakusikiliza. Alitoa mfukoni kamba ya mkonge yenye fundo kila inchi, na fundo mbilimbili kila inchi kumi, kama walivyokuwa wakipimia karakana nzima. Akaipitisha kwenye ringi, katikati, pale mdomo wa tairi unapokaa, akahesabu kwa kidole gumba.

"Ishirini. Sasa soma nambari yako."

"Thelathini na nne kwa saba."

"Hiyo ni hesabu ya zamani. Thelathini na nne ni kimo chake, kutoka ardhini hadi utosini. Saba ni unene wa nyama. Nyama iko juu, na chini je?"

"Ipo pia."

"Basi toa saba mara mbili."

Nilitoa. Ilikuja ishirini. Mzee Athumani alinigeukia kwa upole uliozidi.

"Mwalimu, huko chuo kikuu kutoa hamkufika?"

"Siku hizi," Mzee Matayo akaendelea, "wanaanza na unene, wanamalizia na ringi. Lenu ni saba na nusu kwa ishirini."

"Na nane na robo? Si nayo ni ishirini?" nikang'ang'ania.

Akamwuliza Mzee Athumani kati ya yale matairi mawili yaliyopakana hupita nini, gari likiwa na mzigo.

"Kidole kimoja. Tena cha mwanamke."

"Yanenepeshe uone. Yakishabeba maji yatasuguana kifua kwa kifua, yashike moto kabla hamjafika Sindeni."

Hoja yangu ikafa hapo hapo, bila maumivu. Lakini nilikuwa na swali la mwisho: kama unene wa zamani ni saba, mbona wa sasa ni saba na nusu?

Mzee Matayo alikunja kamba yake. "Hiyo nusu siijui. Naamini ni tairi lilelile, lakini siwezi kuapia maji ya watu. Yuko bwana mmoja stoo ya Tanga, ana karatasi ya saizi za zamani ukutani. Tumpigie."

Saa saba kasorobo tulikuwa Posta, tukisubiri laini ya simu ya Tanga. Chuoni nilipata alama nzuri kwa kujibu kila swali, hata nisilolijua. Mzee Matayo alijua mambo yote isipokuwa nusu inchi, na kwa ajili ya nusu inchi hiyo alikuwa ametembea juani kutoka Kwamndolwa, kofia mkononi. Mzee Athumani hakuondoa macho kwenye saa ya ukutani. Dereva wa mbao angekuwa anakula chakula chake cha mchana.

Saa saba na nusu tuliitwa. Nilieleza kwa kupiga kelele. Upande wa pili kiti kilisogezwa, hatua zikaenda, zikarudi.

"Dada, upo? Thelathini na nne kwa saba ndiyo saba na nusu kwa ishirini. Wamebadilisha uandishi tu. Chukueni."

Nilirudia kwa sauti. Mzee Athumani alikuwa mlangoni kabla sijamaliza, anakimbilia dukani na kibali. Nikampa Mzee Matayo mkono wa simu, asikie mwenyewe kwamba alikuwa sahihi. Aliushika kwa mikono miwili, akauweka sikioni, akakohoa.

"Ahsante, ndugu," akasema. "Na upepo, tujaze kiasi gani?"