Jino Nyuma ya Diski

Gereji yetu ilikuwa na fundi tuliyemwita Masikio, kwa kuwa alitambua ugonjwa wa gari kwa kulisikiliza tu. Wateja ndio hakuwasikiliza.

Baunsa mmoja alileta gari linalopiga yowe kwenye tairi la mbele. Masikio akafungua tairi, akabadilisha pedi za breki bila haraka. Baunsa akachoka kungoja, akamtwanga ngumi ya mdomo. Jino likaruka, lisionekane. Masikio akatema damu, akafunga tairi.

Kesho yake gari likarudi likilia vilevile.

"Mzee, leo nang'oa la pili."

"Tuzunguke nalo kwanza, bosi. Haya, kanyaga breki."

Yowe la pedi hubadilika breki ikikanyagwa, hili halikujali. Masikio akafungua tairi, akachungulia kati ya diski na bati la kukinga vumbi, akachokonoa jino lake, limesagika nusu.

"Kelele ni yako, bosi. Jino ni langu."

Baunsa alicheka hadi machozi, kisha akamtwanga tena kwa kumchafulia gari.

Safari hii Masikio alitafuta jino kwanza, akalitia mfukoni, ndipo akafunga tairi.