Ukurasa wa Mwisho wa Lori

Naandika haya nikiwa kidato cha nne, na lile gazeti la katuni limekufa tena. Safari hii hakuna aliyeshangaa. Lakini mwaka lilipofufuka, hapa Garsen kulikuwa na watu wazima watatu waliolipokea kama jamaa aliyepotelea ughaibuni akarudi na meno yake yote. Mimi, msichana wa shule, nilikuwa wa nne, ingawa hakuna aliyenihesabu.

Wa kwanza ni baba mdogo wangu. Ujanani alikuwa utingo, baadaye akaendesha lori la serikali mpaka mgongo ukamkatalia, akarudi kuishi nasi, maana baba yuko kazini Mombasa. Wa pili ni fundi cherehani mwenye kibanda karibu na stendi ya mabasi. Wa tatu ni mzee mmoja Muorma aliyekuja siku za soko kuuza ng'ombe. Huyu hakujua kusoma, lakini picha za zamani alizijua zote kwa mfuatano wake, na ukiruka moja anakurudisha.

Walipokuwa vijana, gazeti hilo lilikuwa na hadithi ya dereva wa lori na utingo wake. Walibeba mizigo ya ajabu: harusi nzima na maji yake ya kunywa, kengele ya kanisa, simba mgonjwa. Halafu gazeti likafungwa ghafla na hadithi ikakatikia pabaya. Daraja limevunjika, lori limebaki nusu hewani, utingo ananing'inia juu ya mto, dereva kalala kifudifudi kamshika mkono. Katika picha ya mwisho kabisa dereva anasema kitu. Basi.

Alisema nini? Hapo ndipo ugomvi ulipokuwa. Fundi aliapa kwamba dereva alimwambia mwenzake aombe Mungu. Mzee alisema yeye alisomewa na mtu mkweli, na dereva alikuwa akimwelekeza utingo pa kuweka mguu wa kushoto. Waliweza kubishana hivyo tangu chai ya kwanza mpaka adhuhuri. Baba mdogo alitabasamu tu, kwa kuwa toleo la mwisho lenyewe lilikuwa nyumbani kwetu, ndani ya sanduku lake la bati, na hakuwa amemwonyesha mtu, ingawa mimi nililisoma kwa siri kila alipotoka.

"Siku likichapishwa upya mtajua," alikuwa akiwaambia.

Gazeti lilipofufuka lilianza kuzichapa zile hadithi tangu mwanzo. Lilifika na basi la Malindi, nakala mbili tatu tu, na pale kibandani kulikuwa na sheria: anayelipokea basini ndiye anayesoma kwa sauti. Mimi ndiye niliyetumwa basini kila mara, na kila mara nilimkabidhi baba mdogo asome yeye. Mbele ya watu sauti yangu huwa inaingia tumboni. Nikisimama darasani kujibu swali, mwalimu huniambia niketi kabla sijamaliza, kwa huruma.

Baba mdogo alisoma vibaya. Nasema ukweli, na katika daftari langu niliuandika wakati ule ule. Dereva, utingo, bibi harusi, simba, wote walikuwa na sauti moja, ya chifu akitangaza chanjo ya mifugo. Nilikaa nyuma ya cherehani nikisema yale maneno kimoyomoyo jinsi yalivyopaswa kusemwa.

"Hii lori iko na macho," mzee alisema siku moja, akigusa taa za mbele kwenye picha. "Kwetu, kitu iko na macho tunachunga."

"Na kwetu tunakitia dizeli," fundi akamjibu, na wakacheka mpaka uzi ukakatika.

Ndipo likaja tangazo. Ukurasa wa pili, ndani ya kisanduku, wachapishaji waliwaambia wasomaji kwamba ofisi ya zamani ilipofungwa na kuhamishwa, toleo la mwisho halikuonekana. Mwenye nalo awaletee, walitoe nakala, wamrudishie. Bila hilo hadithi ingekoma hatua moja kabla ya daraja. Baba mdogo alisoma tangazo mara mbili. Halafu akawaambia wenzake kwamba Ijumaa atapanda basi, atalipeleka mwenyewe kwa mkono wake. Fundi akasimamisha gurudumu la cherehani. Mzee akauliza kama ni kweli analo au ni maneno ya dereva. Nilimwona baba mdogo akinyoosha mgongo wake mbovu kwa namna ambayo sikuwahi kuiona.

Mimi niliogopa. Niliona kwamba likienda halitarudi. Kwa hiyo Jumatatu, alipokwenda msikitini, nilifungua sanduku kwa ufunguo aliouacha ukutani, nikalitoa gazeti, nikalifunga ndani ya mfuko wa unga, nikaenda nalo shambani. Nilitaka kunakili maneno yote daftarini, kiputo kwa kiputo, vile viduara vya maneno ya wahusika, halafu nilirudishe kabla hajajua.

Shule ilikuwa imefungwa na zamu ya kuamia ndege ilikuwa yangu. Shamba letu la mpunga liko bondeni, njia ya kwenda Golbanti, na katikati yake tulikuwa na dungu, jukwaa la miti lenye paa la nyasi, unakaa juu unapiga kelele na kurusha udongo kwa kombeo. Huko ndiko mahali pekee ninapopiga kelele. Nilinakili mchana kutwa, nikisimama kila mara kufukuza ndege, na jioni nilikuwa nimebakiza kiputo kimoja, cha picha ya mwisho. Ndipo nikasikia mama akikohoa chini ya ngazi. Amekuja kunipokea. Niliusukuma mfuko ndani ya nyasi za paa, daftari nikalitia kifuani, nikashuka. Ningeweza kumwambia mama ngoja kidogo. Sikuweza. Ndivyo nilivyo.

Jumanne asubuhi utingo wa basi la kutoka juu alileta habari: maji makubwa yamepita Nanighi, huko juu ya mto. Mto wetu huwa unatoa taarifa. Mvua ikinyesha mbali huko milimani, maji yanashuka siku nyingi, na kila mtu hapa anajua hesabu. Yakipita Nanighi, una siku tano. Watu wakaanza kuhesabu kwa vidole. Jumamosi, wakasema. Mama akasema tutavuna tutakachoweza mpaka Alhamisi. Mimi niliachwa nyumbani siku hiyo kushona magunia, nikahesabu hivyo hivyo, nikaona ninayo Jumatano nzima.

Lakini hesabu ile ni ya maji ya kwanza. Maji ya kwanza yana kiu ya kukata njiani: yanajaza mabwawa, yanajaza mikono ya zamani ya mto, yananyweka na uwanda. Mwaka ule maji ya kwanza yalikuwa yameshapita wiki tatu nyuma na kila shimo lilikuwa limejaa. Maji ya pili hayakuwa na pa kusimama. Sote tulilijua hilo, na sote tukahesabu kana kwamba hatulijui.

Jumatano kabla jua halijapanda, mama alirudi kutoka bondeni akiwa amelowa hadi kiunoni. Maji yameingia shambani. Alikuwa na kikapu kimoja cha mpunga, na hakulia, alikiweka tu chini akaenda kubadili leso.

Nilisimama jikoni. Chumbani baba mdogo alikuwa akipiga pasi shati la kusafiria, akiimba kwa pua. Nilimsikia akivuta sanduku kutoka chini ya kitanda. Nilisikia kufuli. Nilisikia akihamisha magazeti moja moja, taratibu, halafu haraka.

Nikaenda mlangoni nikasema. Nilisema yote kwa pumzi moja, nikiangalia pasi: nimelichukua mimi, liko kwenye paa la dungu, nilitaka kulinakili. Alinitazama. Nilingoja kofi. Kofi lingekuwa rahisi.

Akaliweka kando shati alilokuwa akipiga pasi, akavaa kuukuu. "Twende," akasema.

Tuliazima mtumbwi wa jirani. Baba mdogo alisimama nyuma na upondo ingawa mgongo haukumruhusu, na kila alipousukuma nilisikia akivuta pumzi kwa meno. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa na yalikwenda kwa haraka, yamebeba magogo, ndala, kuku aliyekufa. Pale palipokuwa na njia niliyopita miaka yote palikuwa na mkondo. Vichwa vya mpunga vilitokeza, vikizama na kutokeza. Nilikuwa naogopa mamba, lakini zaidi niliogopa kwamba tutafika tukute hakuna dungu.

Lilikuwepo. Limeinama upande mmoja kama mtu aliyelewa, maji yamefika kwenye jukwaa. Na juu ya ngazi, na kwenye nguzo, na pembeni mwa paa, nyoka. Yanapokuja maji, nao hutafuta pa juu. Nilihesabu watatu, wembamba, wametulia.

Baba mdogo aliushika mti wa dungu kwa mikono miwili ili mtumbwi usiende, na nguzo ikalia. Yeye ni mzito. Ilikuwa ni mimi au hakuna. Akaniambia basi, tuache. Ni karatasi tu, akasema. Nikaona uso wake alivyosema hivyo.

Nikapanda. Jukwaa lilishuka chini ya magoti yangu kama kitanda cha kamba kilicholegea. Nilitambaa upande usio na nyoka, nikainuka, nikaingiza mkono kwenye nyasi za paa bila kuona kilichomo. Dungu likatikisika. Mguu wangu ukapitiliza katikati ya miti, maji yakaushika na kuuvuta.

"Shuka," baba mdogo akasema. Sauti yake haikuwa ya chifu hata kidogo. "Mwanangu, ukienda na maji wewe, mimi nitamwambia nini mama yako?"

Vidole vyangu viligusa plastiki. Niliuvuta mfuko pamoja na shada la nyasi, nikajitupa kifudifudi ndani ya mtumbwi, na yeye akaachia mti. Hatukuwa tumefika mbali dungu lilipokwenda, pole pole, na nyoka wake.

Tulifungulia mfuko nyumbani, juu ya meza. Nilikuwa nimeufunga vibaya. Mvua ya usiku ilikuwa imeingia na ile karatasi ya nje ilikuwa imegeuka uji. Kwa gazeti lililobanwa pini katikati, karatasi ya nje ni jalada na ni ukurasa wa mwisho vile vile. Ilibaki vidoleni mwa baba mdogo. Za ndani zilikuwa zimelowa lakini zinasomeka.

Alizitandaza mezani zikauke. Halafu akauliza kama kweli nilinakili. Nikasema ndiyo. Akanyoosha mkono, akasema nilete daftari, atalipeleka pamoja na gazeti.

Daftari hilo lilikuwa na kila kitu. Lilikuwa na mambo ya msichana mmoja wa darasani kwetu aliyenicheka, lilikuwa na mambo ya baba kutoandika barua, lilikuwa na chifu na chanjo ya mifugo. Nikamwambia hapana. Sijawahi kumwambia mtu mzima hapana, kabla ya siku ile wala baada yake. Nikasema nitanakili upya kwenye karatasi safi, na picha za ukurasa uliopotea nitazichora kwa kalamu, ninazikumbuka. Akarudisha mkono.

Nilikaa jikoni nikaandika mpaka mchana. Nilipofika kwenye picha ya mwisho, dereva na utingo na mto chini yao, nilikiacha kiputo kitupu kwanza. Nililijua neno lililokuwemo. Nilikuwa nimelisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma Kiswahili cha mtihani. Kisha nikaandika jingine, nikafunga bahasha.

Ijumaa baba mdogo alivushwa kwa boti hadi barabara ilipokuwa kavu, akapanda basi upande wa pili. Bahasha hakuifungua. Alirudi baada ya siku nne akisema wamempokea vizuri na wamempa soda.

Ikapita miezi. Mpunga tuliupoteza, tukala unga wa msaada. Matoleo yakaja mengine, lori likakaribia darajani. Siku ya toleo lenyewe nilikwenda basini, nikalichukua, nikaingia nalo kibandani. Mzee alikuwepo, amekuja kwa hilo tu, hana hata ng'ombe mmoja wa kuuza. Nilimpa baba mdogo. Hakulipokea.

"Sheria ni sheria," akasema. "Soma."

Fundi akasema huyu binti hana sauti, tutangoja mpaka Idi. Nikasoma. Mwanzo walininong'oneza nipaze. Halafu wakaacha. Nilimpa dereva sauti yake, nikampa utingo yake. Nilipofika ukurasa wa mwisho nililaza gazeti juu ya cherehani. Wachapishaji walikuwa wamezichora picha upya, vizuri kuliko zangu, lakini kiputo kilikuwa kile kile.

"Ukienda na maji wewe," nikasoma, "mimi nitamwambia nini mama yako?"

Kisha fundi akapiga meza. Si alisema, akasema, siku zote alisema ni maneno ya uchungu. Mzee akatikisa kichwa taratibu, akasema ndiyo, hayo hayo, sasa amekumbuka, alisomewa hivyo hivyo na yule mtu mkweli. Wakaanza kuelezana walikuwa wapi siku walipoyapata mara ya kwanza.

Mimi nilikuwa namwangalia baba mdogo. Kati yao yeye peke yake alijua kwamba dereva alisema neno moja tu, "Shikilia." Alinitazama. Fundi akamgeukia, akamtaka mwenye ushahidi athibitishe: ndivyo alivyosema au sivyo?

Baba mdogo akalichukua gazeti, akalikunja, akalitia ndani ya shati.

"Ndivyo alivyosema," akajibu.