Kadi Moja, Kichwa Kimoja: Safari ya Kumleta Shangazi kutoka Mahenge

Kwetu shangazi wa binti haitwi kwa simu. Ukimpigia simu umemwita mpishi. Shangazi hufuatwa nyumbani kwake, nauli yake hulipwa na aliyemfuata, na asipokuwepo mahari haipokelewi. Ndiyo maana Ijumaa ile, siku moja kabla wakwe wa Kiberege hawajaleta mahari ya binti yangu Editha, niliondoka Ifakara kwenda kumchukua dada yangu Sabina, anayekaa kijiji cha barabarani, chini ya milima ya Mahenge.

Saa moja asubuhi nilikuwa stendi. Basi lilikuwa jipya, na mwenye basi hataki kabisa kuona hela mkononi mwa konda. Mlangoni ameweka mashine ndogo na tangazo: nauli kwa kadi ya benki tu. Editha, ambaye ndiye aliyenisukuma nikachukue kadi hiyo, alikuwa amenifundisha wiki nzima. "Baba, usiichomeke popote. Gusisha tu, usubiri ilie."

Niligusisha. Kimya. Nikagusisha tena. Konda akasema mtandao unasuasua, nisiwe na haraka. Nyuma yangu watu walikuwa wananisukuma na mabegi yao. Mara ya nne mashine ikalia, taa ikawaka kijani, nami nikageuka kuona ni nani ameniona. Nakiri kwamba nilijivuna.

Kivukoni, kabla ya kuvuka daraja, alipanda mama mmoja na kiroba cha mchele kichwani na noti yake imekunjwa mkononi. Konda akamweleza habari ya kadi. Mama akamnyooshea noti tena, safari hii ameikunjua, akidhani labda haikuonekana vizuri. Aliteremshwa na kiroba chake. Nilitikisa kichwa nikasema moyoni kwamba watu wengine maendeleo hawayataki. Halafu nikanunua perege wa kukaanga dirishani, kwa noti, maana muuza samaki hana mashine.

Saa nne nilifika kwa dada. Tulisalimiana, akapokea samaki, akaulizia watu wote wa nyumbani mmoja mmoja, ndipo akauliza nauli yake iko wapi. Nikamtolea kadi. Akaigeuza mbele na nyuma.

"Hii ndiyo nauli yangu, Oswadi?"

"Ndiyo, dada. Siku hizi unagusisha tu."

"Mimi na wewe, wote wawili tumo humu?"

"Wote, dada. Hata ukoo mzima."

Nilisema hivyo bila kusita. Usiku nililala vizuri, na hilo pia linaniudhi nikilikumbuka.

Jumamosi saa mbili asubuhi tulisimama kando ya barabara. Dada alikuwa amevaa kitenge chake cha harusi na rozari shingoni. Wakwe walitarajiwa saa nane mchana. Noah ya abiria ya asubuhi ilikuwa imeshaondoka imejaa, na pikipiki dada hapandi kwa sababu ya goti. Basi lilipotokea, lile lile na konda yule yule, nilitangulia mlangoni kama mwenyeji. Nikagusisha: kijani, mara moja tu. Nikagusisha ya dada: nyekundu.

"Mzee, hiyo imeshatumika," konda akasema. "Kadi moja, kichwa kimoja."

"Hela zimo humo. Kata tena."

"Hela zimo, lakini mashine haikati mara mbili safari moja. Mama atoe yake."

"Yangu iko wapi?" dada akauliza kutoka chini. "Mimi nimefuatwa."

Nikatoa noti. Konda akarudisha mikono nyuma, akasema akikutwa na hela, hata ya kwenye simu, kazi hana. Nikawaomba abiria, mmoja wao amgusishie dada nami nimpe noti mkononi. Kijana wa mbele akanijibu kwa upole kwamba kila aliyemo ndani ameshagusisha yake. Basi zima lilikuwa na kadi, wala hapakuwa na hata moja ya kumsaidia mama wa watu. Dereva akapiga honi.

Sasa fikirini. Nikienda mimi, mahari haina shangazi. Akienda yeye, mahari haina baba. Mdogo wangu Gaudensi angeweza kukaa kwenye kiti changu, ingawa huropoka. Kiti cha shangazi hakina mbadala. Nikamuuliza konda kama mashine inajua ni nani aliyegusisha.

"Haijui. Mkaguzi akipanda njiani ataomba kadi tu, aone kama imelipiwa."

Yaani mashine hainijui jina wala sura, ila inajua kunikatalia. Niliteremka nikamwekea dada kadi mkononi. Akaigeuza tena mbele na nyuma.

"Ulisema ukoo mzima," akasema, akapanda.

Hadi saa tano nilikuwa bado nimesimama pale na noti zangu. Magari mawili yalipita yamejaa. La tatu lilikuwa lori la mpunga, na dereva alisimama kabla sijainua mkono vizuri. Nilipouliza nauli akasema, "Panda kwanza, mzee, tutaongea." Hatukuongea. Tulipata pancha, tukaziba, tukaenda. Kivukoni nilichungulia kutoka juu ya magunia nikimtafuta yule mama wa kiroba, sijui nilitaka kumwambia nini. Hakuwepo. Dereva alikataa noti zangu hadi mwisho, nami karibu nimgombeze, kwa jinsi nilivyotamani siku ile mtu apokee hela yangu.

Saa kumi na robo niliingia uani kwangu nikiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Nilitegemea kukuta mabaki ya pilau na Gaudensi akihesabu mahari. Nikakuta wakwe wameketi, masufuria yamefunikwa, na Editha amesimama mlangoni, macho mekundu. Dada Sabina alikuwa amekaa katikati ya mkeka, kadi yangu mbele yake.

Mshenga, msemaji wa upande wa mwanamume, alinong'ona kwamba walijaribu kuanza mara tatu. Kila mara dada aliwajibu neno moja: "Aliyenileta bado yuko njiani."

Nilinawa uso, nikaketi.

Nilichojifunza si kikubwa. Kadi inajua kulipa. Kumlipia mtu haijui, na mimi maisha yangu yote nilidhani ni kitu kimoja. Yule mama wa Kivukoni hakuwa amekataa maendeleo. Alikuwa na nauli yake mkononi.

Dada alinisogezea kadi kwa kidole, kisha akamgeukia mshenga aliyekuwa na kalamu ya kuandikia mahari.

"Kabla ya yote andika nauli yangu ya kurudi, na ya mtu wa kunisindikiza," akasema. "Watu wawili. Na iwe noti."