Dua ya Bibi na Madonge ya Mhogo

Miaka ile ya mwanzo ya tisini, mgao wa umeme uliigeuza maabara yetu ya Temeke kuwa tanuri. Tulikuwa tunafuga seli za mhogo kwenye chupa ndogo, tukizibembeleza zichipue ziwe miche, nazo zikabaki madonge meupe yasiyo na haya, kazi yao kunenepa tu. Bosi wangu, bwana mmoja wa bara asiyecheka hata Krismasi, akakubali niyapeleke Goba kwa bibi yangu mzaa mama. Nyumba yake ya udongo ilikuwa na ubaridi, hasa mvunguni mwa kitanda.

"Yakiharibika, tafuta kazi nyingine," akaniambia.

Wakati huo viwanda vilikuwa vinapunguza watu. Kazi nyingine maana yake ilikuwa kuuza mitumba juani, na niliogopa kweli.

Nilipofika na chupa, Bibi alikuwa anasuka mkeka. Akataka kujua maradhi ya wageni wake. Nikamweleza kwamba ndani ya kila seli kuna kiunzi cha nyuzi nyembamba mno, na nyuzi hizo ndizo zinazoamua seli ijigawe kwa upande upi. Zikijipanga vizuri, chipukizi linatokea. Zikikaa shaghalabaghala, donge linabaki donge.

"Kama ukili," akasema. "Ukiuanza ovyo, huna mkeka."

Nikafurahi, mjinga mie, nikadhani somo limeingia. Nikamkataza asifungue chupa hata moja, nikaondoka.

Wiki iliyofuata nikarudi na bosi kukagua. Chupa zote zilikuwa zimeota ukungu, mwingine wa kijani, mwingine mweusi kama ndevu za beberu.

"Shikamoo, Bibi," bosi akaamkia kwa sauti ya msibani.

"Marahaba, baba."

"Nani kafungua hizi chupa?"

"Mie. Nimezisomea dua, nikazipulizia moja moja. Hizo nyuzi zenu zimepatwa na kijicho. Nyie mnazikodolea macho kutwa kucha na madude yenu ya kuchungulia, hata angekuwa mtoto si angedumaa?"

Maabarani tulikuwa tunafunika midomo kabla hata ya kuzikaribia, maana pumzi ya mtu imejaa vijidudu. Bibi alikuwa amezipulizia kwa mapenzi, kifua kizima. Nilitaka kulia, nilitaka kucheka, na bibi yako humgombezi. Nikasubiri kufukuzwa.

Bosi akavua viatu, akakaa mkekani. Akafungua mkoba wake, akatoa chupa iliyoviringishwa kwenye taulo. Ndani kulikuwa na donge lake mwenyewe, ambalo hakuna aliyejua kuwa analilea. Akaliweka mbele ya Bibi.

"Hili nalo sugu, Bibi. Unaweza kulisomea bila kufungua?"

"Mungu hapigi hodi kwenye kifuniko," Bibi akajibu, akainua mikono.

Bosi akafumba macho. Bibi alipomaliza, "Amina" ya yule bwana ilisikika kuliko yangu. Hapo nikajua kazi yangu bado ninayo. Mtu aliyeitikia dua ya bibi yako kwa sauti ile hana tena uso wa kukufukuza.