Miche Minne ya Mkonge

Baba alipotuita mimi na mdogo wangu kwenye shamba lake la Handeni, alikuwa ameshalipima kwa hatua zake mwenyewe. "Nikifa mtaanza kuzungushana kwa shehe na mahakamani," alisema. "Nataka niwarahisishie. Hii ni hiba, natoa ningali hai. Na mpaka mtaupanda wenyewe."

Tukapanda miche ya mkonge, mstari mmoja kutoka barabarani hadi korongoni. Mimi nikapewa upande mkubwa, wa mahindi. Mdogo wangu, aliyebaki kumtunza baba nilipoolewa Korogwe, akapewa nyumba na michungwa saba.

Michungwa ile! Niliimwagilia mimi, ndoo kichwani kutoka lamboni, yeye mgongoni akinikojolea. Leo ni yake! Mbele ya baba nilishukuru kwa tabasamu, moyoni nilikuwa nawaka. Ukubwa wa upande wangu sikuuona kabisa. Nilichoona ni kwamba baba alipotaka kuinuka, alimwita yeye ampe mkono, na mimi ndiye niliyekuwa karibu.

Ijumaa, baba akiwa msikitini na mdogo wangu gulioni, nilichukua jembe. Nikang'oa miche minne ya katikati, nikaisogeza ndani ya upande wake mpaka michungwa miwili ikawa kwangu. Nikashindilia udongo kwa kisigino. Kesho yake asubuhi nikapanda basi kurudi kwangu Korogwe.

Hakuna aliyesema kitu. Mkonge ukashika, ukatoa miiba. Kila msimu nilipokwenda kusalimia, mdogo wangu alinifungia kiroba cha machungwa. "Shikamoo dada. Chukua na haya, ukale na watoto." Nami nilikereka. Nilijiambia anajifanya karimu ili baba aone nani anatoa na nani anapokea. Machungwa yenyewe yalikuwa matamu, na hilo nalo liliniudhi. Nikifika nyumbani nilikuwa nayagawa kwa majirani mpaka kiroba kinabaki kitupu. "Mdogo wako ana moyo," walisema, na mimi nikajibu ndiyo, nikaingia ndani kupika.

Baba alifariki mwaka jana. Baada ya arobaini, mwenyekiti wa kitongoji alileta karatasi aliyoachiwa na marehemu. Nawajua watu waliozunguka na mirathi miaka na miaka, ndugu hawapeani salamu. Yetu ilikwisha kabla chai haijapoa. Mwenyekiti alisoma kwamba mpaka unaanzia barabarani, unaishia korongoni, halafu akasoma: "Katikati mpaka unapinda. Michungwa miwili ni ya mkubwa, kwa ombi la mdogo wake."

Chini kulikuwa na sahihi ya mdogo wangu. Tarehe ilikuwa ya wiki ileile tuliyopanda.

Watu walipoondoka nilimfuata nyuma ya nyumba, nikamkuta anafagia majani chini ya ile michungwa miwili.

"Ulijua tangu lini?"

"Niliporudi kutoka gulioni siku ile. Udongo ulikuwa mbichi, dada."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, baba angekuita uirudishe miche mbele za watu. Nikamwomba aandike tu kwamba miwili ni yako, mambo yawe mepesi."

Niliuliza la kwanza lililonijia. "Na yale machungwa uliyokuwa unanifungia?"

"Ya hii miwili," alisema, akishangaa kwamba nauliza. "Si ni yako? Nilikuwa nakuchumia. Mimi hata moja sijala."

Nikavikumbuka viroba vyote nilivyogawa kwa hasira. Aliinama kuendelea kufagia, mtoto niliyembeba mgongoni, na nikamwonea wivu kuliko siku ile ya kupanda. Safari hii nilichokitamani kilikuwa moyoni mwake, na hakuna jembe la kukisogeza kije upande wangu.